Sungusungu wa kijiji cha mume wangu walivuka korongo wakamchukua mtoto wa kaka yangu, na daftari liko kwangu

Shikamoo Shangazi.

Naomba jina langu na kijiji visitajwe maana huku watu wanasoma na wanajuana. Mi ni mama wa watoto wanne, nimezaliwa Usukumani na nimeolewa humuhumu Usukumani, tena sio mbali, kijiji cha baba yangu kiko ng'ambo tu ya korongo, ukisimama kwenye majaruba yetu ya mpunga unaiona miembe ya kwetu. Ila lile korongo ndo mpaka wa kata. Kule wana mtendaji wao, diwani wao na sungusungu wao, yaani walinzi wa jadi, na huku kwa mume wangu tuna wetu.

Mume wangu ni katibu wa sungusungu wa kijiji. Sio mtu mbaya Shangazi, naomba hilo ulijue mapema. Halipwi hata shilingi, anatoka usiku na mvua, anarudi asubuhi analala kidogo anaenda shamba. Na mi mwenyewe siwezi kuwasema vibaya sungusungu, nilipokuwa mdogo ng'ombe wa baba walichukuliwa zizi zima na waliowarudisha ni sungusungu, sio mtu mwingine, bila wao tusingesoma.

Sasa mwezi uliopita usiku jirani yetu kaibiwa ng'ombe sita. Mwano, yaani yowe la hatari, ukapigwa, wanaume wakatoka na fimbo na tochi wakaanza kufuata nyayo, nyayo zikashuka korongoni zikapanda ng'ambo. Mume wangu anasema walimpigia mtendaji wa kule simu haikupatikana na wakaona kusubiri kukuche ni kuwapa wezi nafasi wafike mbali, kwahiyo wakaingia. Kwetu kwa baba wao wanasema hakuna aliyeambiwa, sio mwenyekiti wala ntemi, yaani mkuu, wa sungusungu wa kule, wameshtukia tu mbwa wanabweka na uwanja umejaa watu. Nyayo zilipita nyuma ya boma la kaka yangu mkubwa halafu zikachanganyikana na za ng'ombe wengine. Wakamkuta mtoto wa kaka, kijana wa miaka 19, yuko macho na simu mkononi. Wakamuuliza unaongea na nani usiku huu, akababaika, basi wakamchukua. Wakavuka nae korongo usiku huohuo wakamfungia kwenye ghala la pamba la kijijini kwa mume wangu mpaka mchana wa kesho yake. Alipigwa Shangazi. Ghala haliko mbali na kwangu, nilisikia, na asubuhi niliwaona waliokuwa wanaingia na kutoka.

Waliomwachia ni baada ya kaka kuja na laki tatu, wakasema ni faini ya kusumbua kijiji. Risiti hakuna. Ng'ombe hawajapatikana mpaka leo. Na sitaki kukudanganya, sijui kama yule mtoto anajua kitu au hajui kitu, maana na mimi nimeshasikia anatembea na vijana nisiowaelewa. Lakini mkono wake wa kulia umevimba mpaka leo hawezi kushika jembe na hajaenda hospitali kwasababu kaka anaogopa ataulizwa umeumizwa na nani.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Kwa vile mume wangu ni katibu, daftari la sungusungu linakaa ndani kwangu, kwenye sanduku moja na kadi za kliniki za watoto. Jina la mtoto limo, laki tatu imo, na majina ya waliokuwepo usiku ule yamo, kwa mwandiko wa mume wangu. Kaka anajua. Kila siku ananitumia meseji nipige picha ule ukurasa nimtumie WhatsApp aende nao polisi, anasema we ni damu yetu au umeshakuwa wa kwao? Mume wangu nae anasema majina yakitoka tu, siku nyingine mwano ukipigwa hakuna mwanaume atakayefungua mlango, na wezi watalijua hilo kabla ya watu wengine. Mama mkwe ndo kabisa, ananiambia nyumba hii itatengwa, hatutapewa moto wala kusaidiwa kuzika. Na juu ya hayo yote sungusungu wa kijiji cha baba wametangaza mwanaume yeyote wa huku akivuka kwenda mnadani, maana mnada uko upande wao, watamkamata na wao. Mume wangu huwa anauza ng'ombe palepale.

Shangazi, walikuwa na haki ya kuvuka? Na hili daftari nilifanyeje?

Mke wa Katibu

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba humo ndani hakuna mtu uliyemchafua. Mume umemtetea, kaka umemwelewa, hata yule mtoto hukumpaka mafuta. Mtu mwenye moyo wa hivo akibanwa katikati anaumia zaidi ya wengine, kwahiyo kukosa kwako usingizi nakuelewa.

Umeuliza kuhusu kuvuka na kuhusu daftari. Ngoja nianze na kuvuka maana ndo watu wa pande zote mbili wanakoshikiana mashati, na mi naona wanashika pasipo penyewe.

Sungusungu ilizaliwa hukohuko kwenu, mwanzoni mwa miaka ya 80 pande za Kahama na Nzega, silaha zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe umekithiri, polisi wako mbali, wanakijiji wakajipanga wenyewe. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, ingawa wapo waliovuka mipaka ya kazi wakafikishwa mahakamani. Sheria ilikuja nyuma yao. Mwaka 1975 palikuwa pameshatungwa sheria ya kuwapa mgambo mamlaka ya kukamata, na mwaka 1989 yakafanyika marekebisho yaliyowaingiza sungusungu na wasalama, ambao ni vikundi vya aina hiyohiyo, kwenye maana ya mgambo, mradi wawe wanafanya kazi kwa idhini ya serikali na chini ya usimamizi wake. Mgambo akiwa kazini anaweza kukamata na kupekua kama konstebo wa polisi. Kwahiyo wale wanaosema sungusungu hawana mamlaka yoyote wanakosea, na mume wako asikubali kuambiwa hivo.

Lakini yashike yale maneno ya idhini na usimamizi. Kijijini kwenu wa kusimamia wapo, mtendaji yupo, mwenyekiti yupo, halmashauri ya kijiji ipo, jambo likiharibika kuna wa kuulizwa. Ng'ambo ya korongo serikali ya kijiji chenu haina sauti, ina wenyewe. Sasa kundi likiingia kule usiku bila mtu wa kule kujua, linasimamiwa na nani? Hilo ndo swali ambalo mume wako atakuja kuulizwa, na simu ambayo haikupatikana itamsaidia kiasi tu, maana mtendaji hapatikani sawa, mwenyekiti je, balozi je, ntemi mwenzao je?

Kuna na mamlaka ya mwananchi wa kawaida. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu mtu yeyote kukamata anayetenda makosa fulani mbele ya macho yake, na hiyo haiulizi kata gani. Wangemkuta mtu anaswaga wale ng'ombe sita korongoni wangemkamata hata akiwa ameshapanda ng'ambo na mi nisingekuwa na neno. Ila kumkuta kijana uwanjani kwao na simu mkononi sio kumkuta anaiba. Inaweza kuwa sababu ya kumtilia shaka, tena sababu ya maana, lakini shaka inapelekwa kwa wenye kazi ya kupeleleza.

Na wazee wa kufuata nyayo wanalijua hili hata bila kitabu cha sheria. Nyayo zikifika mpakani mnapiga mwano, wenyeji wanatoka, mnawakabidhi nyayo, na kuanzia hapo ni jukumu lao kuonyesha zilikoelekea. Wakishindwa lawama inabaki kwao. Utaratibu ule haukuwa heshima ya bure tu, ulikuwa unawafanya wenyeji wawe mashahidi na wenzenu wa kazi. Usiku ule wenyeji wa kijiji cha baba yako hawakupewa nafasi ya kuwa wenzao, wakafanywa watuhumiwa wote kwa pamoja, na ndo maana leo wanatangaza kukamata watu mnadani.

Kwa hiyo mimi kuvuka kwenda sikukazii macho sana kama kuvuka kurudi na mtu. Hapo ndo jambo lilipogeuka. Aliyekamata mtu, awe sungusungu au mwananchi tu, anatakiwa amfikishe polisi bila kuchelewa. Palikuwa na mlango wa mtendaji wa kata ya kule, ambae kwa sheria ya mahakama ni mlinzi wa amani, palikuwa na mkaguzi wa polisi wa kata, palikuwa na kituo. Badala yake mtoto akatolewa kwenye kata yake akafungiwa kwenye ghala la kata nyingine, akapigwa, akatozwa. Konstebo mwenyewe mwenye namba na sare hana ruhusa ya kufanya hayo. Faini inatozwa na mahakama, au kwa sheria ndogo iliyopitishwa na yenye risiti, na Katiba ibara ya 13 inasema mtu asihesabiwe ana hatia mpaka ithibitike, na inakataza kuteswa. Na hapa mwanangu nataka nikupunguzie mzigo mmoja. Unajitesa na swali la kama mtoto ana hatia au hana, kana kwamba jibu lake ndo litakuambia kama aliyofanyiwa ni sawa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, akawa anajua kitu kuhusu wale ng'ombe na bado akawa ameonewa pale ghalani. Tena kama kweli anajua kitu, kile kipigo kimeharibu kesi ya jirani yenu, maana maneno aliyoyasema kwa fimbo nani atayaamini?

Sasa daftari.

Kaka yako analiona ni silaha, mume wako anaona ni siri, na wewe naona umeshaanza kuliona kama nyoka ndani ya sanduku. Lakini jiulize, kwanini mume wako aliandika? Angeweza kuacha ukurasa mtupu, laki tatu ikagawanwa ikaisha. Aliandika jina, akaandika hela, akaandika waliokuwepo. Huenda ni mazoea ya ukatibu tu, au huenda kuna kitu hakikumkaa sawa usiku ule akataka kiwepo kwenye maandishi. Umeshawahi kumuuliza yeye kama yeye, sio kama sungusungu? Sisemi ataongea. Nasema katika barua yako yote nimesikia anachosema kuhusu wezi na majina, sijasikia hata sehemu moja anachosema kuhusu yule mtoto, na ni mtoto wa shemeji yake.

Ukipiga picha kimyakimya ukatuma, kaka atakuwa na anachokitaka, lakini siku ile ile kila mtu atajua imetoka wapi, daftari liko nyumba moja tu. Baada ya hapo maelezo yoyote utakayompa mume wako yatakuja yamechelewa. Na picha ya WhatsApp ikishatoka huwezi kuirudisha, itafika kwenye makundi ya vijana wa pande zote mbili kabla haijafika kwa mpelelezi, na humo kuna majina ya watu ambao pengine walikuwepo tu na hawakumgusa mtoto. Polisi wakifungua jalada wanaweza wenyewe kulidai daftari kwa utaratibu wao, bila wewe kuwa umelitoa. Hilo kaka yako labda halijui, mwambie.

Ukinyamaza kabisa nako kuna gharama. Yaliyofanyika yatahesabika ndo utaratibu, na korongo lina pande mbili, sungusungu wa kule nao wana ghala lao. Anayevuka kwenda mnadani ni mume wako. Hoja yake kwamba majina yakitoka sungusungu itakufa siipuuzi, kijiji bila mwano ni kijiji kilicho wazi, ila mweleze na upande wa pili, kwamba zipo sungusungu zilizokufa kwasababu watu wazima walichoka kukamatwa hovyo wakaacha kutoka.

Kuhusu kusimama kutoa ushahidi, ujue hili ili mtu asikutishe nalo. Sheria ya Ushahidi inasema mke anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mume wake aliyeshtakiwa, lakini halazimishwi, isipokuwa kwa makosa ya aina fulani kama yale ya kukudhuru wewe au watoto, na hakimu anatakiwa akuambie hivo kabla hujaanza kusema. Kama wanaoshtakiwa ni wengine na mume wako hayumo, hapo kinga hiyo haikuhusu, unaweza kuitwa kama shahidi mwingine yeyote aliyeona. Kabla ya kuamua lolote mtafute msaidizi wa kisheria, toka sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wanasajiliwa rasmi na hawatozi, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu watakuelekeza. Muulize kwa kutaja yaliyotokea bila kutaja majina kwanza.

Ipo na njia ya kikao, na najua ukisikia kikao utaogopa kwamba ni njia ya kuzimia mambo. Inaweza kuwa hivo kweli kama kitaitishwa upande mmoja. Kikikaa kwenu kaka yako atakuwa amekuja kuhukumiwa mara ya pili, kikikaa kule mume wako hatafika. Kwa vile ni kata mbili, tafuteni aliye juu ya zote mbili, yaani Afisa Tarafa kama mko tarafa moja, au ofisi ya mkuu wa wilaya kama sio, wakae watendaji wote wawili na wakaguzi wa polisi wa kata zote mbili na mantemi wote wawili. Pale laki tatu inaweza kurudi na daftari likafunguliwa mezani na mwenye mwandiko wake. Na wanaweza kukubaliana namna ya kukabidhiana nyayo, ni namba za nani wanapigiana usiku, zaidi ya moja, na mtuhumiwa anapelekwa kituo gani. Hatari yake ni kwamba watu wakishikana mikono wataona jambo la kipigo limeisha, wakati kaka yako bado ana haki ya kwenda polisi, kikao hakimfungii mlango. Hata mahakamani hakimu anaweza kuwapatanisha watu kwa kosa la kushambulia la kawaida, akiona inafaa. Kwahiyo kupatana na kufungua kesi sio njia ambazo ukichukua moja nyingine inakufa.

Kaka yako pia umuulize swali, kwa upole, na sio kwa meseji. Anataka nini hasa? Kurudishiwa hela, kuombwa radhi mbele ya watu, wale waliopiga wafungwe, au anataka shemeji yake aanguke? Akishajijibu utajua anachokuomba wewe ni kitu gani. Lile neno la damu yetu au wa kwao lisikukate, we ni mama wa watoto ambao ng'ambo zote mbili ni kwao.

Mama mkwe wako nae anaongea kwa woga kuliko kwa ubaya, nahisi. Kutengwa na nzengo, yaani majirani wa kitongoji, anakujua kulivyo, na mi sitakuambia usijali, kuzika wenyewe sio jambo dogo. Ila hao wa kukutengeni ni watu, wana wazee wao, na mume wako ni katibu wao. Kabla ya kuchukua hukumu ya nzengo kama imeshatoka, kuna mzee mmoja kati yao anayekuheshimu unayeweza kumfuata na mke wake?

Hujaniambia kama mume wako amekutishia mwenyewe au kukuinulia mkono kwa ajili ya hili daftari. Kama yapo na umeyaacha nje ya barua, basi mengi niliyoandika hapo juu yanabadilika, na dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi lipo kwa ajili hiyo, na wewe na watoto mnatangulia mbele ya daftari.

La mnada lisisubiri. Hilo tangazo la kukamata watu, watendaji wote wawili walijue kabla ya siku ya mnada ijayo, na mume wako asivuke peke yake mpaka limeongelewa, hata kama anaona ni kujishusha.

Na ule mkono. Mwambie kaka ampeleke mtoto kituo cha kwao akachukue PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa, halafu waende hospitali akaangaliwe kama umevunjika. Kuchukua PF3 hakumlazimishi kutaja majina yote siku hiyohiyo, ila jeraha likipona bila kuandikwa na daktari hakuna wa kuliona tena, na mkono ukiunga vibaya huyo kijana wa miaka 19 hatalima. Hilo halihitaji ukurasa wa daftari na halihitaji uamuzi wako, linaweza kufanyika kesho asubuhi, na ukitaka wewe ndo umsindikize.

Shangazi